Dawa ya Kidogo Kidogo na Sauti Isiyorudi

Liko swali ambalo barazani haliulizwi. Huulizwa kando, watu wamekwisha kutawanyika, na muulizaji hutangulia kusema kwamba ametumwa na mtu mwingine. Mwaka huu nimeulizwa mara tatu: na mama mmoja, na kijana wa chuo kikuu, na mwalimu mmoja mstaafu. Nitalieleza kwa maneno ya wazi, kwani mambo ya mwili yakifungwa kwa mafumbo huumiza watu.

Mtu mzima, mwenye akili zake, amezaliwa na kulelewa kama mwanamke, lakini tangu utotoni nafsi yake haikukubali. Sasa anafikiri kutumia testosteroni, ile homoni inayomfanya mvulana abalehe, aote ndevu na kuwa na sauti nzito. Hataki kuitumia kwa kipimo kamili. Ataka kipimo kidogo, ili mabadiliko yaje polepole, mwaka kwa mwaka, mamake azoee, mtaa uzoee, na yeye mwenyewe apate nafasi ya kujipima kama hili ndilo alitakalo. Je, sisi Waislamu wa Pwani tumwambie nini mtu huyu?

Najua fika kwamba wako wasomaji watakaotaka kuufunga ukurasa huu hapa. Nawaomba subira. Mimi si mufti, wala sina haja ya kujivika kilemba kisichokuwa changu. Elimu yangu ya dini ni ya chuoni na ya darasa za baada ya magharibi. Lakini hata sisi tuliosoma kidogo twaikumbuka ile kanuni ya wanazuoni, kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Na niliyoyasikia mpaka sasa, misikitini na majumbani, ni hukumu nyingi za watu wasiojua hata dawa yenyewe yafanya nini. Wako wasemao kwamba sindano moja humgeuza mtu kwa usiku mmoja. Wako wasemao kwamba kipimo kidogo hakina neno, ni kama vitamini. Wote wamekosea, na kosa la hawa wa pili ndilo la hatari zaidi, kwa sababu ndilo linalomvutia kijana.

Basi tuanze na dawa. Testosteroni si kitu kigeni mwilini mwa mwanamke. Kila mwanamke anayo, hutoka katika ovari na katika tezi zilizo juu ya figo, ila ni kidogo. Mwanamume anayo zaidi ya mara kumi ya hiyo. Mwaka 1935 wataalamu wa Amsterdam wakiongozwa na Ernst Laqueur waliitenga kutoka katika korodani za mafahali na kuipa jina lake. Mwaka huo huo Adolf Butenandt, Mjerumani, na Leopold Ružička aliyekuwa Zürich, walifaulu kuiunda maabarani, kila mmoja kwa njia yake, na Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1939 ikawa yao wawili. Tangu hapo ni dawa ya hospitali, hupewa wanaume ambao miili yao haiitengenezi ya kutosha, na watu hawa tunaowazungumzia hupewa dawa hiyo hiyo.

Miongozo ya madaktari wa homoni, mathalan ule uliotolewa Marekani mwaka 2017, huweka kipimo cha kawaida cha sindano kuwa baina ya miligramu 50 na 100 kwa wiki. Anayetaka kwenda polepole hupewa nusu ya hicho, au robo, au hupaka jeli kidogo ngozini kila siku. Kwa kipimo cha kawaida, ngozi huanza kuwa na mafuta na chunusi katika miezi ya mwanzo, na hedhi hukatika, aghalabu ndani ya miezi sita. Sauti huanza kuteremka ndani ya mwaka wa kwanza. Ndevu huanza kuchomoza, lakini hukamilika baada ya miaka minne au mitano. Kwa kipimo kidogo muda huo warefuka, na urefu wake hakuna awezaye kuutaja mapema, kwa kuwa miili haifanani. Yuko ambaye kwa robo ya kipimo hedhi yake haikatiki kabisa, na yuko ambaye kwa robo hiyo hiyo sauti imekwisha kumtoka.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa lisikike kuliko yote. Wengi wanaofikiria kipimo kidogo hudhani kwamba wataweza kuchagua: nataka hedhi ikome lakini sitaki ndevu, nataka mabega lakini sauti yangu ibaki. Haiwi hivyo. Chombo kiendacho kwa upepo mdogo huchelewa, lakini bandari ni ile ile. Homoni ikishaingia katika damu huzunguka mwili mzima, na kila kiungo huitikia kwa namna kilivyoumbwa.

Tena mabadiliko haya hayalingani katika kurudi. Mtu akiacha dawa, misuli hupungua, mafuta ya mwili hurudi yalikokuwa, na hedhi aghalabu hurejea. Sauti iliyoteremka hairudi. Nywele za kidevu zilizokwisha kuota hubaki, na upara ukishaingia ndio umeingia. Kiungo cha siri kilichokua hakirudi kuwa kama kilivyokuwa. Sababu ya sauti ni nyepesi kufahamika kwa yeyote aliyewahi kumtazama mpiga udi: uzi mnene hutoa sauti nzito. Testosteroni huzinenepesha kano za sauti, na kano zilizonenepa hazikondi kwa kuacha dawa.

Hapa kwetu sauti ina uzito ambao sidhani waandishi wa miongozo hiyo waliufikiria. Mwanamke wa Pwani aweza kusitiri mwili wake wote. Buibui lafunika mabega yaliyopanuka, mtandio wafunika nywele zilizopungua, na nikabu, kwa anayevaa, yafunika hata kidevu. Lakini mtu hupiga hodi, na kabla hajaonekana amekwisha kujulikana. Shangazi hupiga simu kutoka Maskati, husikia "aleikum salaam" tu, akajua ni nani amepokea. Katika maulidi ya wanawake na katika harusi, sauti ndiyo inayoitwa mbele. Kwa hivyo yule anayejiambia, "Nitatumia kidogo, nitajistiri kwa buibui, hakuna atakayejua," amesahau kwamba kitu cha kwanza kutoka nje huenda kikawa ndicho kile kisichofunikika, na ndicho kile kisichorudi. Wako, bila shaka, ambao sauti ndiyo hasa waitamaniyo, na siku wanapojisikia wakisema kwa sauti nzito huona wamefika kwao. Hao hawajapoteza kitu. Namsemea yule ambaye hakuambiwa.

Jeli nayo ina mambo yake. Watu huipenda kwa sababu haina sindano na kipimo chake chaweza kupunguzwa kwa urahisi. Lakini kilichopakwa ngozini huhama. Mwaka 2009 idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa iliamuru jeli za testosteroni zibandikwe onyo lake kali kabisa, baada ya watoto wadogo waliogusana na watumiaji kuonekana na dalili za kubalehe kabla ya wakati. Sasa zifikirie nyumba zetu: leso moja hutumiwa na watu watatu, mtoto wa dada hulala kifuani mwa mama mdogo wake, taulo liko msumarini kwa yeyote. Apakaye jeli katika nyumba kama hiyo pasipo kuosha mikono na kufunika mahali alipopaka, amempa dawa mtoto asiyeiomba.

Mengine nayapitia kwa haraka. Kukatika kwa hedhi si kinga ya mimba, na baadhi ya watu hawa wameolewa. Dawa hii ni hatari kwa kijusi. Huzidisha chembe nyekundu za damu mpaka damu ikawa nzito, na ndiyo maana madaktari hupima damu ya mtumiaji kila baada ya miezi mitatu katika mwaka wa kwanza. Anayenunua kichupa kwa mtu wa kule kunakonyanyuliwa vyuma hapimwi na yeyote, na hajui kilichomo.

Jambo lenyewe si jipya kama watu wanavyodhani. Anayetajwa kuwa wa kwanza kutumia testosteroni kwa nia hii alikuwa Mwingereza, Michael Dillon, aliyezaliwa London mwaka 1915 katika ukoo wa mabwana wa Ireland. Alilelewa kama msichana na shangazi zake katika mji wa Folkestone, akasoma Oxford. Mwaka 1939, dawa yenyewe ikiwa na miaka minne tu tangu kuundwa, alimwendea daktari mmoja aliyekuwa akiijaribu kwa wanawake wenye kutokwa na damu nyingi. Daktari akampa vidonge. Lakini kwanza alimpeleka kwa daktari wa mambo ya akili, na huyo hakuweza kufunga mdomo. Maneno yakafika hadi mahali Dillon alipokuwa akifanya kazi, naye akalazimika kuondoka. Akaenda Bristol, akafanya kazi katika gereji wakati wa vita, na kule gerejini, polepole, baina ya mafuta ya magari na mabomu ya usiku, sauti ikateremka na ndevu zikatoka, mpaka wageni wakawa hawana shaka kwamba wanazungumza na mwanamume.

Mwaka 1944 cheti chake cha kuzaliwa kilirekebishwa. Alijiunga na Trinity College, Dublin, kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1951, akawa daktari wa melini. Katika miaka hiyo ya 1940 alipasuliwa mara nyingi na Harold Gillies, mpasuaji maarufu wa wakati wake. Mwaka 1958 magazeti yakagundua kwamba vitabu viwili vya nasaba za mabwana wa Uingereza havikubaliani juu yake, kimoja kikimwita dada na kingine kaka. Habari zilimkuta melini, katika bandari ya Baltimore. Alikimbilia Bara Hindi, akaingia katika dini ya Mabudha, na huko Dalhousie akafa mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 47. Sisi hatuna la kuiga katika dini yake. Ila nikiitazama tarehe ya maisha yake naona kwamba ile miaka ya polepole aliivumilia, na visu aliviumilia. Mara mbili alizofukuzwa alikokuwa, alifukuzwa na ndimi za watu.

Sasa tuje katika dini, maana najua ndiko msomaji alikokuwa akinisubiri. Wanaokataza wana hoja nzito, wala si haki kuzidharau. Ipo aya ya 119 katika Suratun-Nisaa, inayotaja kuyageuza maumbile ya Mwenyezi Mungu kuwa katika amri za Shetani. Ipo hadithi ya Ibn Abbas katika Bukhari juu ya kulaaniwa wanaume wajifananishao na wanawake na wanawake wajifananishao na wanaume. Mwaka 1989 Baraza la Fiqhi la Rabita, lililokutana Makka, liliamua kwamba aliyekamilika uume wake au uke wake haijuzu kumgeuza. Ama yule ambaye viungo vyake vina utata, atazamwe upande ulio na nguvu zaidi, na inajuzu kumtibu kwa upasuaji au kwa homoni. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Misri ilitikiswa na kisa cha mwanafunzi wa udaktari wa Al-Azhar aliyefanyiwa upasuaji na kuwa Sally. Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, aliyekuwa mufti wa Misri, alitoa fatwa ambayo mpaka leo kila upande huisoma upendavyo: tiba yajuzu ikiwa daktari mwaminifu amethibitisha kwamba iko sababu ndani ya mwili, na haijuzu kwa matamanio tu ya kubadilika. Huko Iran, Khomeini aliruhusu katika mwongo huo huo wa 1980. Sisi wengi wetu ni Mashafi na fatwa ya huko haitufungi, lakini asiseme mtu kwamba Waislamu wote wamekwisha kusema neno moja.

Kuna jambo jingine, nalo halitoki ng'ambo, limo katika vitabu vyetu wenyewe. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ndiye mwenye Minhaj ambayo masheikh wa Lamu na Mombasa wameisomesha vizazi kwa vizazi. Katika sherehe yake ya Sahihi Muslim alitofautisha kati ya mtu aliyeumbwa na tabia za jinsia nyingine pasipo kujifanya, na yule ajifanyaye kwa makusudi. Wa kwanza, alisema, hana lawama wala dhambi kwa jinsi alivyoumbwa. Katika Minhaj yenyewe, kwenye mlango wa mirathi, alimzungumzia huntha mushkil, yule ambaye hali yake haijabainika. Hakumtoa nje ya nyumba. Alisema kila mrithi apewe kile kilicho yakini, na kile chenye shaka kisimamishwe mpaka ibainike. Mafakihi walimpangia hata pa kusimama katika sala, nyuma ya safu za wanaume na mbele ya za wanawake. Walijadili nani atamwosha akifa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba aliyezaliwa na mwili kamili wa kike ni huntha mushkil. Mlango ule haukujengwa kwa ajili yake, na anayetaka kuupanua mpaka umwingize ana kazi kubwa ya kuthibitisha. Ninachokitazama ni adabu ya wale wazee. Walikutana na mtu asiyeingia katika mafungu mawili waliyoyazoea, wakaandika: ngojeni. Sisi, tulio na maabara na mashine za kuona ndani ya mwili, hatuna subira ya hata wiki moja.

Na katika kutosubiri huko twaingia katika haramu ambazo hazina ikhtilafu hata kidogo. Wanazuoni wamehitalifiana juu ya dawa. Juu ya kusengenya hawakuhitalifiana. Juu ya kumfichua Mwislamu aliyejistiri hawakuhitalifiana. Lakini leo picha ya binti aliyekata nywele hupigwa kwa siri, ikasambazwa kwa simu kutoka Kibokoni hadi Jeddah kabla ya isha, na wasambazaji ni watu wa safu ya kwanza. Yuko baba aliyemfungia mtoto wake mzima chumbani. Wako wanaosema, "Mwozeni, atatulia." Basi na yule mume, yeye amekosa nini hata apelekewe mke asiyetaka kuwa mke, na afichwe jambo hilo mpaka usiku wa harusi? Wako wampelekao kusomewa, na Kurani ni shifaa, hilo twaliamini. Lakini kiboko kinachofuatana na kisomo hakimo katika Kurani. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka 2019 orodha mpya ya maradhi, iliyoanza kutumika 2022, na hali hii haimo tena katika fungu la maradhi ya akili. Mtu aweza kuikataa orodha hiyo. Hawezi kuitumia fimbo kama dawa ya ugonjwa ambao hata matabibu hawauiti ugonjwa wa akili.

Tena tumfukuze, aende wapi? Ataenda kwa yule muuza vichupa.

Angekuwa mwanangu ndiye aulizaye, singeanza na fatwa. Ningemwuliza kwanza: katika mambo haya, sauti, ndevu, hedhi, nywele, ni lipi ulitakalo, na ni lipi ambalo likikubaki maisha usingeweza kulistahimili? Kama hajui kujibu, ningemwomba asianze, kwa sababu kipimo kidogo hakimwondolei swali hilo, humwahirishia tu. Kisha ningemwambia akamwone daktari wa homoni, si rafiki wa rafiki, akapimwe damu, na kama ana mume au anatarajia mtoto siku moja aseme hivyo mbele ya daktari. Kisha aketi na sheikh mwenye elimu na ulimi mfupi. Kuna masheikh wa namna hiyo, ingawa hawasikiki sana.

Na la mwisho ningemwambia ni gumu. Wengi huchagua polepole kwa sababu hawataki kusema. Huutumaini mwili uwasemee: sauti ishuke kidogo mwaka huu, kidogo mwaka ujao, na mama ajue mwenyewe pasipo kuambiwa. Naona huko ni kumwonea mama. Atakaa miaka miwili akidhani mwanawe ana mafua yasiyopona, akimchemshia tangawizi, huku jirani wamekwisha kuelewa. Mwenye kukusudia jambo hili na amwambie mamake kwa kinywa, kabla, wakati ambao mama bado aweza kulia na kubisha na kusikilizwa. Kiswahili chetu kimetusaidia kwa kiasi, maana "yeye" ni mmoja, hakituulizi mwanamume au mwanamke kama Kiarabu kituulizavyo. Lakini siku moja watoto wa kaka yake watauliza kama wamwite shangazi au ami, na hapo lugha nayo itataka jibu.

Serikali yetu imetangulia hatua chache. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua cheti kipya chenye jina lake na kisichotaja jinsia. Sensa ya 2019 iliwahesabu mahuntha kwa mara ya kwanza, ikapata watu 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikawataja watoto wa namna hiyo kwa ulinzi. Haya hayakumgusa moja kwa moja mtu wetu wa kipimo kidogo. Lakini yeye ni Mwislamu, na mambo ya ndoa, talaka na mirathi yake hupelekwa kwa kadhi.

Nimesikia tayari maneno ya mirathi. Yasemwa kwamba dada atumiaye dawa hii ataka fungu la mwanamume, apate mara mbili katika nyumba ya marehemu. Ni uzushi, tena wa kijinga. Kwa wanazuoni wasiolitambua badiliko, na ndio wengi, fungu lake halisogei hata senti: aliyezaliwa binti hurithi kama binti, awe na ndevu au asiwe nazo. Mtu hawezi kwa pumzi moja kusema kwamba dawa haimbadilishi kitu, na kwa pumzi ya pili kumwogopa asije akachukua sehemu ya kaka.

Shauri kama hili halina budi kufika siku moja mbele ya kadhi, Mombasa au Malindi au Lamu, na ndugu watakaoleta shauri watakuja na uvumi wao wote. Ningependa kabla ya siku hiyo makadhi na madaktari wa Pwani wafanye kikao, mlango umefungwa, pasipo wapiga picha. Madaktari waeleze dawa, nusu kipimo na robo kipimo, na kinachorudi na kisichorudi. Na aitwe mmoja wa wenye jambo lenyewe, apewe kiti na maji ya kunywa, aeleze habari yake kwa sauti aliyo nayo.